Tamthilia za Ramadhani na suala la Israeli: runinga inabadilisha nini hasa?

Ramadhani ya mwaka 1441 iliingia Aprili 2020, na haikufanana na nyingine yoyote ambayo watu wa rika letu wameiona. Misikiti ilikuwa imefungwa kwa sababu ya korona, tarawehe zikasaliwa nyumbani, na ndugu hawakualikana futari. Baada ya kufuturu kilichobaki ni runinga. Katika mwezi huo mmoja, runinga za Waarabu zilionyesha tamthilia tatu zilizolivuta suala la Israeli kila moja upande wake.

Kituo cha MBC kilirusha Umm Haroun, ambamo mwigizaji mkongwe wa Kuwait, Hayat al-Fahad, anaigiza mkunga wa Kiyahudi anayeishi na majirani Waislamu na Wakristo katika mji wa Ghuba miaka ya 1940. MBC hiyohiyo ilirusha Makhraj 7, kichekesho cha Kisaudi cha Nasser al-Qasabi, na humo mhusika mmoja anatamka waziwazi kwamba Saudia haijapata faida yoyote kwa kuwaunga mkono Wapalestina. Misri nayo ikaonyesha Al-Nihaya, hadithi ya mwaka 2120, ambamo mwalimu anawasimulia wanafunzi jinsi Israeli ilivyoangamia kabla ya kutimiza miaka mia moja na jinsi Marekani ilivyovunjika vipandevipande. Wizara ya Mambo ya Nje ya Israeli ililalamika kwamba jambo hilo halikubaliki, hasa baina ya nchi mbili zenye mkataba wa amani wa miaka 41.

Haikupita miezi minne. Tarehe 13 Agosti ikatangazwa kwamba Umoja wa Falme za Kiarabu na Israeli wamekubaliana kuwa na uhusiano kamili. Tarehe 15 Septemba hati zikatiwa saini Ikulu ya Marekani, Bahrain ikiwemo. Sudan ikafuata Oktoba, Moroko Desemba. Watu wengi wakarudi nyuma wakazitazama upya zile tamthilia za Ramadhani, na wakahitimisha kwamba umma ulikuwa unatayarishwa.

Hitimisho hilo lina ukweli ndani yake, lakini naona linakosea mahali muhimu. Linachukulia kwamba mtu akitazama tamthilia usiku thelathini anatoka na maoni mapya kuhusu Israeli. Ushahidi tulionao hauonyeshi hivyo. Kilichohamishwa na tamthilia ni mpaka wa maneno: lipi linaweza kusemwa sebuleni mbele ya wazee na lipi bado ni aibu. Maoni ya moyoni na maneno ya mdomoni ni vitu viwili, na mkanganyiko wote wa mjadala huu unatokana na kuvifanya kimoja.

Tuanze na neno. Waarabu hukiita kitendo hiki cha kuwa na uhusiano wa kawaida na Israeli tatbii. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalo ndugu wa neno hilo vinywani mwetu kila siku, nalo ni tabia. Mzizi ni mmoja. Kufanya tatbii ni kulipa jambo tabia ya kawaida, liingie katika mazoea mpaka lisimshtue mtu. Vyombo vyetu vya habari mara nyingi huandika “kurejesha uhusiano wa kawaida”, na kitenzi hicho kinapotosha kidogo, kwa sababu baina ya Abu Dhabi na Tel Aviv hapakuwa na uhusiano rasmi wa kurejeshwa. Tatbii ina nusu mbili. Nusu ya kwanza ni ya serikali: ubalozi, ndege, biashara. Hiyo hufanyika kwa saini. Nusu ya pili ni ya watu, na hiyo haina saini.

Misri ndiyo iliyoishi na pengo hilo muda mrefu kuliko wote. Ilitia saini mkataba wa amani na Israeli tarehe 26 Machi 1979. Mwaka uliofuata, runinga ya Misri ilimwonyesha Adel Imam katika tamthilia ya kijasusi kuhusu Mmisri anayewahadaa majasusi wa Israeli. Kisha, kati ya 1988 na 1991, ikaja Raafat al-Haggan, iliyojengwa juu ya kisa cha Refaat al-Gammal, jasusi wa Misri aliyeishi Israeli miaka mingi kwa jina bandia. Mahmoud Abdel Aziz aliuigiza uhusika huo kwa namna iliyomfanya shujaa wa kila nyumba, kuanzia Moroko hadi Iraq. Fikiria hali ilivyokuwa: dola iliyokwisha kupeana mkono na Israeli ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikiwalisha raia wake mashujaa wanaoishinda Israeli. Amani ilikuwa mali ya wanajeshi na wanadiplomasia. Fahari ikaachiwa umma. Hali hiyo Wamisri wenyewe wameiita amani baridi.

Vyama vya wasanii vya Misri vimeendelea kukataza wanachama wao kushirikiana na Israeli licha ya mkataba huo. Novemba 2020 mwigizaji na mwimbaji Mohamed Ramadan alipoonekana Dubai katika picha akiwa amemkumbatia mwimbaji wa Israeli Omer Adam, alisimamishwa kazi na umoja wa vyama hivyo. Saini ilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, lakini picha moja ya simu ilitosha kuzua zogo la nchi nzima.

Upinzani huo wa umma una upande ninaoona lazima niutaje bila kuuficha. Mwaka 2002 Misri ilionyesha Faris bila Jawad ya Mohamed Sobhi, iliyotumia Itifaki za Wazee wa Kizayuni, maandishi ya kughushi yaliyotungwa Urusi ili kuwachafua Wayahudi. Mwaka uliofuata kituo cha Al-Manar cha Hezbollah kilirusha Al-Shatat, tamthilia ya Syria iliyofufua uzushi wa kale kwamba Wayahudi huua watoto kwa ajili ya ibada, na Desemba 2004 Ufaransa ikakiondoa kituo hicho kwenye setilaiti. Tamthilia hizo hazikumsaidia Mpalestina yeyote. Zilichukua malalamiko ya haki kuhusu ardhi na kufukuzwa, zikayageuza chuki dhidi ya watu wa dini fulani, na zikawapa wanaopinga haki ya Wapalestina silaha wanayoitumia mpaka leo.

Hapa ndipo fundo lilipo. Historia ya Mashariki ya Kati ina visa viwili vya uhamisho vilivyosukana. Mwaka 1948 Wapalestina zaidi ya 700,000 walifukuzwa au kukimbia makwao, tukio wanaloliita Nakba. Katika miaka iliyofuata, Wayahudi wa nchi za Kiarabu nao waliondoka kwa makundi makubwa. Kutoka Iraq peke yake waliondoka zaidi ya 100,000, wengi wao kwa ndege, mwaka 1950 na 1951. Jumuiya zilizokaa Baghdad kwa karne nyingi zilitoweka katika muda wa miezi. Tamthilia za Kiarabu kwa miongo mingi zilisimulia kisa cha kwanza, zikakinyamazia cha pili. Kwa hiyo mwandishi anayetaka kukisimulia hicho cha pili ana haki kabisa ya kufanya hivyo, na kumwita msaliti ni kumdhulumu.

Ugumu unaanza pale kisa cha pili kinapotumika kukifuta cha kwanza. Tazama Haret al-Yahud ya Misri, mwaka 2015, iliyoandikwa na Medhat el-Adl. Menna Shalabi ni binti wa Kiyahudi wa Cairo mwaka 1948, Eyad Nassar ni ofisa wa jeshi la Misri anayempenda. Ubalozi wa Israeli mjini Cairo uliisifu mwanzoni kwa kuwaonyesha Wayahudi kama binadamu. Sehemu chache baadaye, ubalozi huohuo ukailaani, kwa sababu hadithi ilikuwa imeendelea kuiangalia Israeli kwa jicho la uadui. Tamthilia haikubadilika. Ilikuwa inafanya jambo ambalo halikuwa na nafasi katika hesabu ya mtu yeyote: kumpenda jirani Myahudi na kuipinga dola ya Israeli katika pumzi moja. Naiheshimu kwa hilo.

Umm Haroun ilifika miaka mitano baadaye katika mazingira mengine. Waandishi wake ni ndugu wawili wa Bahrain, na hadithi iliguswa na kumbukumbu ya mkunga wa Kiyahudi aliyewahi kuhudumu kisiwani humo. Bahrain ina jumuiya ndogo ya Wayahudi mpaka leo. Mmoja wao, Houda Nonoo, alikuwa balozi wa nchi yake Marekani kuanzia 2008. Kwa hiyo msingi wa hadithi haukuwa wa kubuni. MBC iliitetea kama kisa cha utu na kuvumiliana, ilhali Hamas iliilaani kama mlango wa tatbii. Nikiulizwa mimi, kosa halikuwa kumwonyesha mkunga. Swali langu ni kwa nini kituo chenye nguvu kuliko vyote katika Ghuba kilipata ujasiri wa kumkumbuka Myahudi wa Ghuba mwaka uleule ambao nchi za Ghuba zilikuwa zinaelekea kutia saini, wakati Mpalestina wa Ghuba, ambaye ndiye aliyefundisha katika shule zake na kuhesabu katika benki zake tangu miaka ya 1950, hakupewa mfululizo wake.

Lakini iliyofanya kazi ya ndani zaidi, kwa maoni yangu, ni Makhraj 7, kwa kuwa watu huchukulia kichekesho kuwa si siasa.

Kumbuka mazungumzo yale yalivyopangwa. Hoja kwamba Saudia ifanye biashara na Israeli, na kwamba adui wa kweli ni yule unayemsaidia kisha akakutukana usiku na mchana, haikuwekwa kinywani mwa Nasser al-Qasabi. Ilitamkwa na mkwe wake katika hadithi, mzee anayeigizwa na Rashed al-Shamrani. Al-Qasabi, mhusika mkuu tunayempenda, anapinga. Mtazamaji akilalamika, jibu liko tayari: mbona tulionyesha pande zote mbili? Na ni kweli walionyesha. Tatizo ni kwamba hapo awali hapakuwa na pande mbili. Katika runinga ya Saudia, kauli ya namna ile haikuwa na mahali pa kukaa. Sasa ikapata kiti sebuleni, tena kiti cha mzee wa familia, na ikawa rai mojawapo kati ya rai mbili ambazo watu wenye heshima zao wanaweza kubishania wakinywa kahawa. Aliyeshinda mabishano hana umuhimu mkubwa. Mabishano yenyewe kuwapo ndiyo mabadiliko. Katika kipindi hichohicho, kijana wa familia anajenga urafiki na mtoto wa Israeli kupitia mchezo wa video, na wazazi wanajadiliana wafanye nini, kama wanavyojadiliana kuhusu alama zake za shule.

Siku hizohizo kauli “Palestina si suala langu” ilikuwa inazunguka Twitter ya Kisaudi. Haina maana kwamba tamthilia iliizaa. Vyote viwili vilikuwa vinapima kina cha maji.

Nani alikuwa anapima? MBC ilianzishwa London mwaka 1991, ikahamia Dubai miaka ya mwanzo ya 2000, na imekuwa kituo kinachotazamwa zaidi katika dunia ya Kiarabu. Mwishoni mwa 2017 mwenyekiti wake, Waleed al-Ibrahim, alikuwa miongoni mwa matajiri waliozuiliwa katika hoteli ya Ritz-Carlton jijini Riyadh, na baada ya hapo serikali ya Saudia ikamiliki sehemu kubwa ya kampuni. Makao makuu yakahamishiwa Riyadh. Kwa upande wa Misri, kampuni kubwa ya utayarishaji, Al-Muttahida, imeripotiwa kwa miaka mingi kuwa na uhusiano na idara ya ujasusi. Katika mazingira hayo, ukiona neno zito la kisiasa limepita kwenye tamthilia ya saa mbili usiku mwezi wa Ramadhani, msimu ambao matangazo ya biashara yana bei ya juu kuliko mwaka mzima, jua kwamba halikupita kwa bahati mbaya. Huenda halikuamriwa na mtu. Inatosha kwamba hakuna aliyelizuia.

Ikiwa kuna anayeshuku kwamba watawala wanaiamini nguvu ya tamthilia, atazame ilivyokuwa kwa Waturuki. Mwaka 2008 MBC ilirusha Noor, tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti za lahaja ya Syria, na ikatangaza kwamba usiku wa mwisho watazamaji walifika milioni 85. Waarabu wakaanza kumiminika Istanbul kama watalii. Watazamaji wetu wa Tanzania na Kenya waliozoea tamthilia za Kituruki zenye sauti za Kiswahili wanajua jinsi nchi ya mbali inavyoweza kugeuka nyumbani kwa jirani, mpaka mtu akajua majina ya mitaa ya mji asioufikia. Machi 2018, uhusiano wa Riyadh na Ankara ulipokuwa umechafuka, MBC ilizitoa tamthilia zote za Kituruki hewani ghafla, ingawa zilikuwa zinaiingizia fedha. Hakuna anayekata mkono unaomlisha isipokuwa anaamini mkono huo una nguvu.

Sasa tuje kwenye matokeo. Kituo cha Utafiti cha Kiarabu cha Doha huendesha kura kubwa ya maoni inayojulikana kama Kipimo cha Maoni ya Waarabu. Katika awamu ya 2019/2020, iliyohusisha nchi 13, asilimia 88 walipinga nchi zao kuitambua Israeli. Waliokubali walikuwa 6. Katika awamu ya 2022, miaka miwili baada ya Umm Haroun na mikataba yenyewe, waliopinga walikuwa 84 na waliokubali 8. Kwa kazi yote ile iliyofanywa na serikali, vituo na watu mashuhuri wa mitandaoni, hayo ni mabadiliko madogo mno.

Penye joto kidogo, joto halikudumu. Kura za Taasisi ya Washington, kituo cha utafiti cha Marekani, zilionyesha Novemba 2020 kwamba karibu nusu ya Waemarati na Wabahrain waliitazama mikataba kwa jicho zuri. Kufikia katikati ya 2022 walikuwa wamebaki robo au chini yake. Ugeni ulikwisha, faida iliyoahidiwa haikuonekana katika mifuko ya watu wa kawaida, na habari za Jerusalem na Gaza hazikukoma.

Namba ninayoirudia kila mara ni ya Saudia katika ile kura ya Doha ya mwaka 2022. Asilimia 38 walisema wanapinga kuitambua Israeli, asilimia 5 walisema wanakubali. Waliobaki, asilimia 57, walikataa kujibu swali. Mtu akizisoma namba hizo haraka ataona kwamba upinzani Saudia umeshuka chini ya nusu. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kukubali na kufunga mdomo. Katika nchi ambayo kauli moja ya mtandaoni inaweza kumfikisha mtu gerezani, na ambayo runinga yake imeanza kuonyesha kwamba upepo umegeuka, mtu mwenye familia anajifunza kunyamaza. Naona hapo ndipo tamthilia ilipofanya kazi yake kamili: ilimpa anayekubali ruhusa ya kusema, na anayepinga ikampa shaka kama bado yuko katika wengi.

Januari 2024 kituo hichohicho cha Doha kilitoa matokeo mapya yaliyokusanywa wakati wa vita vya Gaza katika nchi 16. Waliopinga Saudia walikuwa wamefika asilimia 68. Moroko walipanda kutoka 67 hadi 78, Sudan kutoka 72 hadi 81. Kwa jumla, asilimia 92 walisema suala la Palestina ni la Waarabu wote, wakati 2022 walikuwa 76. Siwezi kusema kila Msaudi aliyenyamaza 2022 alikuwa mpinzani moyoni. Ila idadi kubwa kiasi hicho haigeuki ndani ya miezi michache kama hakukuwa na kitu chini tangu mwanzo.

Kuna wanaodhani kutazama ni kukubali, na hilo nalo si kweli. Fauda, tamthilia ya Israeli kuhusu makomando wanaojifanya Waarabu, ilipotoa msimu wake wa tatu Netflix Aprili 2020, ilipanda juu katika orodha ya zinazotazamwa Lebanon, nchi yenye sheria ya kuisusia Israeli tangu 1955. Walebanon hawakugeuka. Walitaka kuona adui anavyowaona, na wengi walitazama huku wakikasirika. Hamas nayo ilijibu kwa njia ileile: Ramadhani ya 2022 kituo chake cha Al-Aqsa kilirusha Qabdat al-Ahrar, hadithi ya makomando wa Israeli ikisimuliwa kutoka Gaza.

Vita vilipoanza Oktoba 2023, kila mpango wa skrini kubwa ulizidiwa na skrini ndogo. Septemba ya mwaka huo mwanamfalme wa Saudia, Mohammed bin Salman, aliiambia runinga ya Marekani kwamba kila siku wanakaribia makubaliano na Israeli. Septemba 2024, mbele ya Baraza la Shura, baraza la ushauri la ufalme wake, alisema ufalme hautaanzisha uhusiano huo bila dola huru ya Palestina yenye mji mkuu Jerusalem Mashariki. Katikati ya kauli hizo mbili kuna mwaka mmoja wa picha zilizopigwa kwa simu na watu wa Gaza wenyewe. Ramadhani ya 2024 Misri ikaonyesha Maliha, kisa cha msichana wa Kipalestina, na hapo ilikuwa dola inakimbia kuwafuata watazamaji wake.

Tamthilia iliyorudi kwa nguvu zaidi katika miezi hiyo haikuwa mpya. Ni Al-Taghriba al-Filastiniyya ya mwaka 2004, iliyoandikwa na Walid Saif na kuongozwa na Hatem Ali, Msyria ambaye familia yake ilihamishwa kutoka Golan mwaka 1967 akiwa mtoto mdogo. Inaifuata familia moja ya wakulima maskini tangu miaka ya 1930, inapitia 1948, inaingia nayo kambini. Hakuna hotuba nyingi. Kuna mama anayegoma kuondoka, ndugu wanaogombana, mahema yanayovuja mvua. Hatem Ali alifariki Cairo mwishoni mwa 2020, mwaka uleule wa mikataba. Miaka mitatu baadaye vijana ambao hawakuwa wamezaliwa ilipotoka walikuwa wakikata vipande vya safari ile ya miguu ya 1948, mizigo kichwani na watoto mgongoni, na kuvibandika kando ya video zilizopigwa siku hiyohiyo kwenye barabara ya Salah al-Din, watu wa Gaza wakitembea kuelekea kusini.